Shemeji na Masega ya Kifunikoni

Mwenzangu, acha unachofanya usome hii. Shemeji yangu, mume wa dada, yule mjuaji wa kila kitu, leo kaumbuliwa na nyuki mbele ya mama mkwe wake. Mama yetu!

Ule mzinga wake wa sanduku una fremu za mbao ndani, nyuki wajenge masega humo. Yeye akang'oa fremu za katikati, eti wapate hewa. Dada akamwambia, "Mume wangu, nyuki hawaachi pengo, watalijaza." Akamjibu, "Wewe kapike."

Kapike! 🤣

Leo kamwita mama aje aone utaalamu. Kavuta kifuniko, hakitoki. Kavuta kwa nguvu zote. Kumbe nyuki wamejenga pale pale pengoni, masega yananing'inia kwenye kifuniko chenyewe! Yakakatika, asali chwaa miguuni kwake, na nyuki wakamtokea wote.

Shemeji mbio hadi stoo, akajifungia. Kamwacha mama nje! Mama anagonga, "Baba, fungua!" Yeye anajibu, "Subiri kwanza wapungue!"

Wapungue, mwenzangu! Mama wa watu yuko nje!

Dada ndiye aliyekimbia na shuka akamfunika. Mama kachomwa kidole tu. Shemeji sasa, kumbe aliingia stoo na nyuki wake. Mdomo umevimba hata neno halitoki.

Dada kasema, "Mama, usimcheke."

Mama kajibu, "Simcheki, mwanangu. Namwombea uvimbe ushuke polepole."