Vishikio vya Pikipiki ya Theluji

Jumatano, 3 Julai 1996

Baridi! Hata mkaa leo umegoma kushika. Baba Hanna ameondoka alfajiri na madumu yake kwenda Oldonyo Sambu kuchukua maziwa, kama kawaida. Amerudi analalamika, kama kawaida. Mikono. Kila siku mikono! Eti imekufa. Nikamwambia Mwarusha mzima wewe, umekua na ng'ombe kwenye umande wa Meru, leo unaogopa upepo wa pikipiki? Hakucheka. Tangu kiwanda chao kiuzwe, yeye na wenzake wapunguzwe kazini, amekuwa mgumu wa kucheka.

Hanna akaja kumwamkia. Akainamisha kichwa, kama bibi yake alivyomfundisha — kwao mtoto hainui kichwa mpaka mkubwa amguse. Sisi Wamachame hatuna hayo, ila nayapenda. Baba yake akamgusa, akauacha mkono pale juu ya kichwa muda mrefu. Halafu akasema hasikii nywele zake. Nikamjibu, utazisikiaje na jana nimemnyoa? Hanna alicheka mpaka akakaa chini. Nami pia.

Ijumaa, 5 Julai

Nimefungua robota la makoti ya mitumba pale mezani kwangu sokoni. Mazito, ya nchi za barafu, na msimu huu yanatoka kweli kweli. Kwenye mfuko wa koti moja jekundu nimekuta pakiti haijafunguliwa hata kidogo. Ndani vishikio viwili vya mpira, vyeusi, vina nyaya na swichi. Juu ya pakiti pana picha: mtu kajifunika mpaka pua, amekaa kwenye pikipiki isiyo na magurudumu, anateleza kwenye theluji. Lugha sijui ya wapi, lakini moto uliochorwa kwenye viganja vyake hauhitaji mkalimani. Vishikio vinavyopasha mikono!

Nilipiga kelele, watu wakadhani nimeokota dola. Fransiska wa meza ya pili akasema niviuze, kuna Mzungu huko Njiro ana pikipiki kubwa, atavigombania. Nimekataa. Leo nimepata dawa ya malalamiko.

Jumatatu, 8 Julai

Thomasi fundi amevifunga. Nyaya kwenye betri, swichi karibu na taa. Kuna moto mdogo na moto mkubwa. Nikashika — raha! Kama kushika kikombe cha chai. Baba Hanna akasema asante, kwa sauti ya mtu anayetaka kuamini.

Glavu zake za sufu za kuendeshea nimeziuza leo leo. Za nini tena?

Jumatano, 10 Julai

Eti havipati moto! Amekwenda na kurudi amewasha ule mkubwa, hajasikia kitu. Akaniambia, "Mama Hanna, umeokota takataka." Takataka! Mimi, ambaye nusu ya Lemara imevaa vitu nilivyochagua kwa mikono yangu! Nimenuna mpaka mchana.

Kisha nikampeleka kwa Thomasi, yeye na pikipiki yake. Baba Hanna akabaki barabarani anaongea na watu. Thomasi akawasha, akashika, akaachia haraka. Akasema vishikio havina kosa. Kuna kidude kwenye waya kinachozuia moto usizidi. Akikitoa, vitaunguza mtu. Nikamwambia, mwenye mikono amesema havipati moto, wewe fundi unabishana na mikono ya mwenzio? Kitoe. Akasema, "Haya mama, ni wewe umesema." Akakitoa.

Ijumaa, 12 Julai

Naandika vibaya leo.

Amerudi, ameshusha madumu, ameketi. Nikamwuliza vishikio je? Akasema leo viko vizuri. Nikafurahi! Nikasema, "Si nilikuambia?" Nikampa chai. Alipoweka kikombe mezani, ngozi ya kiganja ikabaki kwenye kikombe.

Viganja vyote viwili. Malengelenge, mengine yameshapasuka. Naye anavitazama kama vya mtu mwingine. Aliposema viko vizuri alikuwa ananifurahisha tu. Hajasikia moto. Hajasikia kuungua. Yesu wangu, hajasikia kitu!

Jumamosi, 13 Julai

Hospitali. Daktari kijana, mpole. Akamsafisha, kisha akamwambia afumbe macho, atakuwa anamgusa vidole kwa sindano, akisikia aseme. Akaanza kidole gumba. Akaenda cha pili, cha tatu, mpaka cha mwisho, akahamia mkono mwingine. Nikaona tone la damu. Baba Hanna amekaa wima, amefumba macho kama mtoto mtiifu. Mwishowe akauliza, "Daktari, bado hujaanza?"

Daktari akaniangalia mimi.

Akamwuliza ni tangu lini. Tangu mwaka jana, akasema, ncha za vidole kwanza, halafu ikapanda. "Nilimwambia mama Hanna." Hakusema kwa kunilaumu, alikuwa anaeleza tu. Na ni kweli, aliniambia. Kila asubuhi aliniambia. Alisema imekufa, nami nikaamua ni baridi, kwa sababu baridi nina dawa yake, imejaa mezani kwangu sokoni. Glavu, soksi, koti, vishikio. Sikuwahi kukaa chini nikamshika mkono nikamwuliza, imekufaje?

Vidonda vitapona, kasema daktari. Kuhusu kusikia hakuahidi. Wamechukua damu na kipande kidogo cha ngozi. Majibu Jumatano.

Jumatatu, 15 Julai

Thomasi amekuja kung'oa vishikio. Hakusema "nilikuonya." Afadhali angesema! Nikamwomba radhi, akajifanya anatafuta spana.

Sokoni nimemwona mteja amevaa zile glavu za sufu. Nilitamani nimvue. Nimefunga meza mapema, nimeona aibu kuuza joto.

Jumanne, 16 Julai

Majibu kesho. Sijakwenda sokoni. Jua limetoka kidogo, baba Hanna amekaa nje kwenye benchi, mikono ina bandeji mpaka vifundoni, ameiweka magotini. Asubuhi nilimlisha uji. Nikasema nisamehe. Akasema uji una sukari nyingi. Sijui kama ndilo jibu.

Hanna tulimpeleka kwa bibi yake Ijumaa ile ile ili asione. Leo baba yake mdogo, Lesian, ambaye sasa ndiye anayechukua maziwa, amemrudisha bila kuniuliza. Nimesikia geti, nikachungulia dirishani. Bado niko hapa hapa, daftari kwenye kizingiti cha dirisha.

Amekimbia moja kwa moja mpaka kwenye benchi. Amesimama mbele yake. Shikamoo baba. Ameinamisha kichwa.

Marahaba, amesema. Ameinua mkono wenye bandeji. Ameushusha. Ameinua wa pili, nao umeishia hewani. Sasa ananitazama mimi huku dirishani, na mimi sina cha kumpa.

Nywele za Hanna zimeanza kuota. Hainui kichwa. Bibi yake alimfundisha vizuri mno. Anasubiri.