Kufuli kwenye Kitabu cha Kahaso

Sabaki, 4 Mei 2024

Mke wangu Kahonzi,

Hujambo? Na hao watu wa Nakuru wanakupa chakula, au ukirudi nitapokea mifupa? Sisi huku tu wazima. Mvua imenyesha mpaka mihogo inaoza, baba yako Hesbon amekwenda Malindi kutafuta mbegu. Usishangae barua ndefu hivi: mimi nasema tu, simu ndiyo inaandika. Macho yamenikataa, na daktari kasema hayarudi tena.

Sasa sikia shida yangu. Ile riwaya niliyoinunua kwenye simu, ya mjane mwenye duka la mikate, nilikuwa nikimsomea nyanyako kila tukimaliza kula. Kahaso hakujua kusoma, lakini masikio alikuwa nayo! Akafa tumebakisha sura tatu. Nikamwahidi kaburini kwamba nitamjulisha mwisho wa kitabu. Kila nikikifungua, huzuni inanishika nakiweka, hadi macho yakanitangulia.

Simu hii hunisomea kila kitu kwa sauti, hata matangazo ya dawa ya panya. Kitabu hicho tu ndicho isichokisoma. Eti kimefungwa. Kimefungwaje, nami nimekinunua kwa nazi zangu?

Na usiniambie nimwombe baba yako. Yeye ni mzee wa kanisa, na mle ndani mna mabusu. Wewe ni mke wangu, kwako sina haya.

Mumeo,
Babu Mwambire

Nakuru, 8 Mei 2024

Mume wangu mzee,

Shikamoo. Mimi sijambo, nakula, usijitie wasiwasi. Habari ya macho imeniliza, babu. Mbona hukusema mapema?

Kufuli hilo huwekwa na duka ili watu wasigawane vitabu bure. Kwenye masharti yao wanakataza kulifungua, kwa hiyo nimelala na kuamka na jambo hili. Mwisho nimeona kitabu umekinunua, na masikio ni yako. Nitalifungua. Ila ukimpa mtu nakala, hata awe nani, hapo tutakuwa wezi mimi na wewe.

Ufunguo wa kitabu umefichwa ndani ya simu, mahali ambapo simu ya kawaida haimruhusu mwenyewe kuingia. Basi nitaunda simu ya bandia ndani ya kompyuta yangu. Hiyo itanitii mimi. Nitaingia dukani kwa jina lako, nipakue kitabu, nichukue ufunguo. Nitumie neno lako la siri. Kisha utapokea namba kwa ujumbe, nitumie upesi kabla haijakufa.

Mkeo,
Kahonzi

Sabaki, 9 Mei 2024

Wewe unayejiita Kahonzi,

Salamu sikupi. Neno la siri nilikutumia bila kufikiri, sasa na namba nayo unataka? Juzi tu jirani yetu Kambi katoa namba kama hiyo, akaamka simu haina kitu. Namba imekuja, naam, nayo imekufa mikononi mwangu. Kama wewe ni mke wangu kweli, sema: mahari yako nililipa nini?

Mwambire

Nakuru, 9 Mei 2024

Babu wee!

Mahari gani! Ulinipa kipande cha muwa, nacho ulikuwa umeshakitafuna ncha. Mpaka leo nakudai. Haya, namba mpya inakuja sasa hivi, nitumie, mzee mbishi.

Mkeo uliyemdhulumu,
Kahonzi

Nakuru, 13 Mei 2024

Babu yangu,

Shikamoo, habari za tangu juzi? Kimefunguka! Usishtuke ukikikosa mahali pa zamani: nilipoingia kwa simu ya bandia, duka lilikutoa wewe. Nimekutumia kipya. Kiguse mara mbili, kitasoma. Sauti ni kavu kidogo, vumilia. Niambie ukishasikia.

Mkeo,
Kahonzi

Sabaki, 2 Juni 2024

Mjukuu wangu Kahonzi,

Salamu nyingi, na samahani kwa kukaa kimya. Kitabu kilifika salama. Kambi aliomba nakala, nikamwambia anunue chake.

Sikutaka kukisikia peke yangu. Nilingoja ardhi ikauke, nikajishikilia kwa fimbo hadi kaburini, nikakaa, nikakifungua hapo. Sura zote tatu. Kwenye mabusu nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu: kumbe Hesbon alinifuata, akihofu nitaanguka. Hakusema tuzime. Alikaa chini.

Hukujua kwamba mimi na nyanyako tuligombana juu ya kitabu hiki. Mimi nilishikilia mjane ataolewa na yule mwalimu aliyekuwa akimwandikia barua. Yeye akasema hataolewa na mtu: mwanamke mwenye duka lake, mume wa nini? Tulinuniana hata chai hatukunywa pamoja.

Hakuolewa, Kahonzi. Alimrudishia mwalimu barua zake, akaenda kukanda unga.

Nililia, sikufichi. Kisha nikasema kwa sauti, na Hesbon akisikia: "Haya, Kahaso. Ulisema kweli wewe, nilikosea mimi." Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumwambia hivyo.

Hesbon akanishika mkono, tukarudi nyumbani.

Mume wa Kahaso,
Babu yako Mwambire