Mstari Mpya wa Boti

Jumanne, usiku

Rangi imekataa kutoka kidoleni. Nimesugua na mafuta taa, bado.

Tangu ziwa lifurike likaingia hapa mtaani Kihoto, Shiru wangu anaenda shule na boti ya Baba Njoro, jirani yetu. Kwa ubavu wa hiyo boti kuna mstari mweupe uliochorwa na mkaguzi. Maji yakiufikia, boti imejaa, asipande mtu mwingine. Wiki yote iliyopita mstari ulikuwa unazama, na mimi ndio nilikuwa nikipiga kelele peke yangu.

Leo jioni boti imerudi na watu, magunia ya makaa, hata kochi la mtu, na bado mstari ulikuwa juu ya maji. Nikashukuru Mungu. Nilipoinama kumshika Shiru ashuke, mkono wangu ukagusa ule mstari, ukaniachia rangi.

"Baba Njoro, umechora mstari mwingine?"

"Mama Shiru, watu walikuwa wanaogopa bure. Si sasa wametulia?"

Abiria wakacheka. Huu mpya ameuchora juu zaidi, na ule wa zamani ameupaka bluu kama boti yenyewe, hauonekani tena.

Naogopa. Barabara yote iko chini ya maji, boti ni hiyo moja, na mtihani ni kesho. Nikimweka nyumbani...

Shiru amelala. Kabla alale aliniambia, "Mum, kesho usiamke kunisindikiza. Mstari unaonekana, nitapanda tu."

Mimi ndiye nilimfundisha kuuangalia.