Iddi Kaniki, Mlinzi wa Geti Aliyewatetea Kereng'ende

Mwaka umetimia, Iddi, tangu Jumanne ile ya mwezi wa kumi na moja simu ilipolia hapa Muheza kutoka Doha, na dada yako Fatuma akashindwa kusema. Alilia tu, nasi tukajua.

Tunakuandikia wewe leo, na anayetaka kusikiliza asikilize, maana wengi walikujua kama mlinzi wa geti. Ni kweli ulikuwa mlinzi wa geti, miaka tisa, katika mtaa wa majumba upande wa Lusail wenye ziwa la kuchimbwa katikati. Lakini wewe ulikuwa na mengine, na hayo ndiyo tunayotaka yasemwe.

Uliondoka binti yako Hadijah akiwa bado ananyonya. Mwaka wa kwanza simu zako zilikuwa fupi. Ulisema ni joto. Mkeo Arafa hakuamini kwamba ni joto. Kisha mwishoni mwa mwezi wa tisa ukapiga asubuhi, sauti imechangamka kama ya mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

"Arafa, nimewaona watu wa nyumbani!"

"Akina nani?"

"Keremkerem! Wamejipanga kwenye waya juu ya kibanda changu, zaidi ya sitini. Wanakimbia baridi ya kaskazini, wanakuja huko. Watazamie."

Arafa alicheka, ila akawatazamia. Siku kumi na saba baadaye kundi la ndege hao likapita juu ya michungwa likipiga kelele, akakimbilia simu kukuuliza kama ndio hao hao. "Hilo sijui," ulimjibu. "Lakini njia ni moja." Hukuwahi kumdanganya, hata pale ambapo uongo ungempendeza.

Kwetu sisi vuli ni mvua. Kwako wewe vuli ikawa ndege na wadudu. Joto la Doha likianza kulegea, kila Ijumaa ulitoka, wewe baada ya swala, na mwenzako wa chumbani na wa getini Mutai, Mkenya, akitokea kanisani kule Mesaimeer. Mlikwenda pamoja kwenye maziwa ya maji yaliyosafishwa kusini mwa mji, mahali ambapo Mutai anasema hapakuwa na kitu ila upepo, matete na wewe umelala kifudifudi. Darubini yako uliinunua kwenye duka la vitu vilivyotumika pale Najma. Upande wake wa kushoto ulikuwa na ukungu. Ulisema jicho moja linamtosha mwenye subira.

Ndege ambaye hukumjua jina ulimpa la ndugu. Yule mweusi mwenye paji jeupe, anayeogelea huku akitikisa kichwa, ulimwita Mjomba Shabani kwa sababu ya upara. Mjomba aliposikia alitaka kuona picha. Aliitazama sana, akarudisha simu, akasema, "Hajakosea."

Na uliandika. Madaftari ya shule, tisa, moja kila mwaka. Tarehe, saa, upepo unatoka wapi, nani ameonekana, wangapi. Hadijah ameyasoma yote sasa. Mahali pamoja umeandika: "Leo Hadijah ametimiza miaka saba. Sipo. Kereng'ende wekundu, arobaini na mmoja." Alilisoma hilo kwa sauti mbele yetu, kisha akatoka nje, nasi tukamwacha akae peke yake.

Sasa tuseme lile ambalo wewe mwenyewe hukutuambia. Tulilisikia kwa Mutai, alipoleta sanduku lako.

Ilikuwa vuli ya mwaka wa kabla hujafariki. Wakazi wa mtaa walilalamika kwamba mbu wamezidi, na wadudu wenye mabawa wamejaa juu ya ziwa jioni nzima. Ofisi ya mtaa ikapanga: matete yote yafyekwe, na ukingo wote wa ziwa upuliziwe dawa. Tangazo likabandikwa getini, ukalibandika wewe, kwa mkono wako.

Mutai anasema ulilisoma lile tangazo mara mbili. Kisha ukaenda kwa msimamizi wenu, Philip.

"Bosi, wale wanaoruka juu ya ziwa si mbu. Ni kereng'ende. Wanakula mbu. Mkiwaua hao, mbu watafurahi."

Philip hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye watoto wanne. "Iddi," alikuambia, "kazi yetu ni geti. Mkataba wako unaisha mwezi ujao na mimi ndiye ninayeandika ripoti. Usinitie mashakani."

 Siku tatu zilizofuata, kila ulipotoka zamu ulizunguka mtaa mzima na mitungi miwili ya kioo iliyowahi kuwekwa achari, ukichungulia kila palipotuama maji. Mutai alikuwa akikufuata nyuma akilalamika.

"Iddi, kweli utafutwa kazi juu ya wadudu?"

"Nitafutwa kwa sababu nimesema kweli. Hiyo nitaweza kumweleza Arafa."

Siku ya nne, saa nne asubuhi, magari ya dawa yalikuwa yameshaingia. Meneja wa mtaa, mama mmoja mhandisi ambaye hakuwahi kukuuliza hata jina, alikuwa akipita getini. Ulitoka kibandani na mitungi yako. Philip aliona akafumba macho.

"Madam, naomba dakika tano. Baada ya hapo unirudishe kwetu ukitaka."

Alisimama, labda kwa mshangao tu. Ukaiweka mitungi juu ya ukuta penye jua. Wa kwanza ulikuwa na maji ya ziwani: safi, na chini yake vidudu vitatu vya rangi ya tope, vimetulia. Wa pili ulikuwa na maji ya bwawa dogo la urembo nyuma ya jengo la mwisho, ambalo pampu yake ilikuwa imekufa tangu kiangazi. Humo viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinachezacheza mpaka maji yanaonekana kama yanachemka.

"Mbu wenu wanazaliwa huku," ulisema. "Na kwenye visahani vya vyungu vya maua, na chini ya viyoyozi. Ziwani hawaponi. Tazama."

Ukachota kidudu kimoja cha tope kwa kijiko, ukakitia kwenye mtungi wa pili. Hakikufanya lolote kwa muda. Mutai anasema alianza kusali kwa Kikalenjini. Kisha kile kidudu kikatoa taya kama mkono, kikadaka kiluwiluwi, kikala. Kikadaka cha pili. Yule mama aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Akahesabu mpaka kumi na moja.

"Hiki ni nini?"

"Mtoto wa kereng'ende, madam, kabla hajaota mabawa. Ndani ya matete yale wako maelfu."

"Nani amekufundisha?"

"Nimekaa hapa miaka minane, nikitazama na kuandika."

Aliomba kuona. Ukamletea madaftari, ukamtafsiria ukurasa baada ya ukurasa, huku madereva wa dawa wakipiga honi. Mwishowe alikwenda akawaambia wageuze.

Hukushinda yote. Matete ya upande wa mashariki yalikuwa yameshafyekwa asubuhi ile kabla hujasema, na Mutai anasema hilo lilikuuma mwezi mzima. Kila ulipopita pale ulitazama upande mwingine. Lakini bwawa la urembo lilikaushwa, visahani vikamwagwa, na baada ya wiki tatu malalamiko ya mbu yakaisha. Mkataba wako ulisainiwa. Philip ndiye aliyeandika ripoti, na humo, tumeiona nakala, aliandika kwamba una macho ambayo kampuni haijapata kuwa nayo.

Kutoka hapo wakazi wakaanza kukusimamisha getini. Yule ndege wa buluu ni nani? Huyu mdudu anauma? Ukawaambia njooni Ijumaa asubuhi, kabla ya swala. Ijumaa ya kwanza walikuja watatu. Kufikia mwezi wa pili walikuwa ishirini na zaidi, mabwana waliozoea kanzu nyeupe, mama wa Kifilipino, wazee wawili Wahindi wenye darubini za maana, wote wanatembea nyuma ya mlinzi wa geti. Ulipoinua mkono walinyamaza. Sisi tuliokulea, Iddi, hatujapata kunyamazisha watu ishirini kwa mkono.

Na kwenye simu ukatuambia tu kwamba kazi inaendelea vizuri.

Uliugua siku kumi na mbili. Moyo. Fatuma alikuwa akitoka hotelini anakofanya kazi akija moja kwa moja hospitali na sare yake. Alhamisi ya mwisho ulimwuliza kesho ni Ijumaa? Akasema ndiyo. Ukasema, "Waambie wasivae nyeupe. Ndege wanaiona kutoka mbali." Alidhani ni homa. Baadaye, kwenye swala ya jeneza, alikuta watu asiowajua wamejaa mpaka nje, Waislamu wakiwa kwenye safu na wengine wamesimama kando wameinamisha vichwa. Hakuna hata mmoja aliyevaa nyeupe isipokuwa imamu. Fatuma aliwauliza kama kuna aliyewaambia. Hakuna. Ulikuwa umewafundisha mwenyewe, zamani.

Tumekaa mwaka huu wote tukijifunza jinsi ya kuwa watu wako. Arafa amelifungulia maji shimo la chini ya michungwa, na hamruhusu mtu kufyeka pembeni yake. Mama bado anakutaja kwa watu kwa jina lako la utotoni. Sisi wengine tunatembea polepole zaidi.

Mwezi uliopita Mutai alitupigia. Ijumaa ya kwanza ya vuli, alisema, alikuwa zamu pale getini, hakumwita mtu. Wakaja wenyewe, mmoja mmoja, wakasimama. Hakuna aliyeuliza anasubiri nini. Yule mama meneja alikuwa miongoni mwao, amevaa viatu vya matope. Mutai alimkabidhi mwenzake kitabu cha geti, akatoka nje, akawaambia, "Mimi majina siyajui. Tutatembea tu, na atakayeona kitu aseme."

Wakatembea mpaka jua likawa kali.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Iddi, akunyooshee njia kama ulivyowapenda wapita njia.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, mkeo Arafa, binti yako Hadijah, dada yako Fatuma aliyeko Doha, Mjomba Shabani, ndugu, jamaa na majirani wote wa Muheza, pamoja na Mutai, ambaye tumemhesabu mtoto wa nyumba hii.

Hutatutoka moyoni siku zote tutakazoishi.