Samaki wa Karanga na Divai Kavu

Jumanne, 8 Oktoba 1974

Boniface anataka kumposa dada Gaudiosa. Jumapili anakuja hapa mtaani kwetu, Rågsved, na mshenga wake, Bwana Onyango. Baba ana sharti moja: pombe ya posa iwepo. Kwetu Bukoba ingekuwa rubisi, ile ya ndizi. Hapa Stockholm nani atakamua ndizi? Basi divai, akasema Baba. Nyeupe — nyekundu inamletea kiungulia.

Shida: Boniface ni mlokole. Hajaonja hata bia. Gaudiosa akamwambia aniulize mimi, eti nasoma kila kitu. Mimi! Nina miaka kumi na sita. Hata ile ya misa anakunywa padri peke yake.

Jumatano, 9 Oktoba

Boniface ameniletea kijitabu kutoka duka la pombe la serikali. Ni cha shamba moja la mizabibu huko Alsace, Ufaransa. Divai nyeupe tu, kila moja na chakula chake. Riesling — samaki. Sylvaner — nguruwe na kabichi. Gewurztraminer — jibini kali na vyakula vya viungo.

Riesling wanasema ni kavu. Kitu cha majimaji kinakuwaje kikavu? Nimesoma mara tatu. Nikamwuliza mwalimu wa Kifaransa, kwa sauti ndogo. Akasema maana yake haina sukari. Akataka kujua nyumbani tunasherehekea nini. Sikujua posa inaitwaje kwa Kiswidi. Nikasema siku ya kuzaliwa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mama atapika samaki wa karanga, pilipili kidogo, na viazi badala ya ndizi. Kijitabu hakijui karanga! Samaki anataka Riesling. Pilipili inataka Gewurztraminer, ambayo ina utamu kidogo. Nifuate samaki au mchuzi? Mama alisema nisimchanganye, anatafuta sahani.

Samaki ni samaki. Nikaandika RIESLING kwenye karatasi, chupa mbili. Boniface akaingia dukani, akamsomea karani kama mtu anayesoma somo kanisani. Mimi nilisubiri mlangoni, umri wangu hauniruhusu kuingia. Alipotoka alisema, "Shemeji, maisha yangu yamo kwenye mfuko huu." Alikuwa anatania. Nadhani.

Jumapili, 13 Oktoba

Naandika bafuni. Nimefunga mlango.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Bwana Onyango alisema wameona ua zuri kwenye bustani ya Baba. Mama akamjibu kuwa sisi tuko ghorofa ya tatu, hiyo bustani ameipitia wapi. Hata Baba alicheka. Boniface akapiga goti, akampa Baba glasi kwa mikono miwili, kama Gaudiosa alivyomfundisha.

Baba akaonja. Akaiweka mezani polepole, karibu yote imebaki. Akasema kwao pombe ya mkwe huwa tamu. Ikiletwa chachu, mzazi anaelewa: kijana ametumwa tu, mwenyewe hataki.

Sikujua! Niliondoka Bukoba nikiwa na miaka saba. Jambo hili halimo katika kitabu chochote nilichosoma.

Gaudiosa alinitazama. Mimi nikatazama viazi.

"Nani amechagua hii?" Baba aliuliza.

Nikatia kiazi kizima mdomoni.

"Mimi, Baba," Boniface akasema.

"Kwa moyo wako?"

"Kwa moyo wangu."

Baba akaisukuma glasi upande wa Boniface. Akamwambia kama ni ya moyo wake, basi ainywe yeye.

Bwana Onyango akaanza kueleza habari za ulokole. Boniface akamzuia kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeshika glasi. Hapo nikakimbilia huku.

Sentensi yenyewe ni fupi: nilichagua mimi. Hapa kwenye karatasi inasomeka vizuri. Nimekiambia kioo. Nimeisema hata kwa Kiswidi — ni rahisi zaidi.

Sebuleni kimya. Hakuna hata kijiko. Labda anakunywa. Labda ameshakunywa. Glasi moja inachukua muda gani?

Gaudiosa anagonga mlango. Haniiti jina. Anagonga tu.