Supu ya Kumsafirisha Mama Yozefa

Jumatatu, 3 Oktoba 1994. Kaisho.

Miaka thelathini na mitatu tangu nivuke Mto Kagera nikitoka Rwanda. Nilivuka na nywele nyeusi. Leo magoti yananiuma nikichutama jikoni, mahali ambapo kwetu mwanamume hachutami.

Mifupa iko motoni tangu asubuhi. Magoti ya ng'ombe, nimeyapasua kwa shoka ili uboho utoke. Maji baridi kwanza, moto baadaye. Povu nimeliengua. Ndimu moja. Chumvi mwishoni. Moto mdogo wa mizizi ya mibuni, usiochemsha kwa fujo.

Mke wangu amelala chumbani. Homa imeondoka, imemwachia macho tu. Muuguzi wa zahanati alisema supu ya mifupa kila siku, la sivyo hatainuka.

Jumatano, 5 Oktoba.

Amekuja Silasi, mtoto wa marehemu kaka yangu. Lori la wanaorudi nyumbani litaondoka Ijumaa ya wiki ijayo. Ametushikia nafasi.

"Baba mdogo, mama akiweza kukaa mwenyewe, tunaondoka. Asipoweza, dereva hampakii."

Nilisimama nje muda mrefu. Migomba mbele, migomba nyuma. Kwetu ni kilima kitupu cha malisho. Ukikaa mlangoni unaona ng'ombe wa watu wengine wakirudi. Hapa sijaona mbali tangu nifike.

Jumamosi, 8 Oktoba.

Mifupa ni adimu buchani. Nimepata goti na kwato mbili.

Supu ya jana imeganda vizuri. Ukiinamisha bakuli haimwagiki. Nimeipasha moto na kumpelekea mke wangu. "Iweke dirishani ipoe, nitakunywa." Husema hivyo kila siku. Bakuli hurudi tupu.

Lakini hanenepi. Leo amejaribu kusimama, akashika ukuta, akaketi. Nina hasira. Sijui namkasirikia nani.

Jumanne, 11 Oktoba.

Asubuhi jirani yetu Mama Koku ameleta ndizi. Alisimama uani akacheka.

"Shikamoo mzee. Hiyo supu yako ni dawa kweli. Mbwa wenu amenawiri. Mgonjwa ndiyo bado."

Sikucheka. Mbwa alikuwa amelala chini ya dirisha la chumba, manyoya yanang'aa. Udongo pale umelowa mafuta. Sisimizi wamejaa.

Niliingia. Mke wangu aliniona usoni, hakungoja swali.

"Nikipata nguvu utanipandisha lori. Yozefa nimwache na nani?"

Yozefa ni binti yetu. Alizaliwa hapa, akafa hapa akiwa na miaka sita. Yuko nyuma ya mibuni. Mama yake hupalilia pale kila wiki. Mimi huenda Pasaka.

Nilimwambia atakufa. "Basi utanizika karibu naye," alisema, kama mtu anayeagiza chumvi sokoni.

Jumatano, 12 Oktoba.

Sikupika.

Nimemchukia kutwa nzima. Nikiendelea kutaka kurudi, hatakunywa. Asipokunywa, nitarudi mgane, au nitabaki hapa na makaburi mawili. Nimezunguka shambani nikitafuta njia ya tatu. Haipo.

Ijumaa, 14 Oktoba.

Silasi alifika amevaa koti. Nilimwambia aende peke yake.

"Wazee wanaoijua mipaka ya kilima chetu wamebaki wawili, baba mdogo. Mmoja ni wewe."

Nikamtajia mipaka. Jiwe jeupe. Kisima. Mti wa mvumu, kama bado upo, kisha kushuka hadi bondeni. Niliirudia mara ya pili, naye akaitaja yote bila kukosea. Alilia. Mimi sikulia.

Baadaye lori lilipita barabarani. Tulilisikia likibadilisha gia mlimani, mimi nikiwa kizingitini, mke wangu kitandani. Sauti ilipokwisha nikamwambia, "Silasi ameenda. Sisi tunabaki. Silipandi hili, wala jingine." Aligeuka akatazama ukuta. Akasema, "Magoti yako yanauma. Lala."

Jumapili, 16 Oktoba.

Nimechemsha goti jipya kutoka buchani. Nilimpelekea, nikataka kuweka bakuli dirishani. Akanyoosha mikono.

Amekunywa ikiwa moto, ameshika bakuli mwenyewe. Amesema chumvi haijakolea. Nikaongeza. Amemaliza, akaomba uboho.

Mbwa alisimama chini ya dirisha kwa muda, kisha akaenda zake.

Sitarudi Rwanda.