Kona ya Tano Kwenye Mkonge

Jumatatu, 4 Julai
Nimeburuta gogo kwa trekta tangu asubuhi, kusawazisha barabara. Vumbi mpaka kwenye meno. Kona nne ziko tayari kwa mashindano ya magari ya Wazungu, bado ya tano. Barabara inazunguka shamba zima la mkonge, na kila mteremko naujua kwa makalio yangu. Bwana meneja atataka mtu wa kukaa pembeni yake, amtajie kona inayokuja. Nani mwingine kama si mimi? Bwana DC anakuja kutazama. Hata kwetu Mazingara watasikia.

Jumatano, 6 Julai
Meneja kamchagua Hoza. Karani. Hajui hata kuwasha trekta. Eti anajua Kiingereza.
Naona kijicho. Humu daftarini sidanganyi.

Alhamisi, 7 Julai
Hoza kanunua miwani ya vumbi kwa Mhindi, Korogwe mjini. Anaivaa mpaka ofisini. Mke wangu kasema imempendeza. Sikula.

Jumamosi, 9 Julai
Nimeagizwa nimfundishe Hoza njia. Tumekwenda kwa miguu. Ananiita kaka, anaandika kila kitu. Ya kwanza pana, kulia. Ya pili kali, kushoto. Ya tatu ina kokoto. Ya nne iko mteremkoni, usikanyage breki. Ya tano nimeimaliza jana tu, hata meneja hajaipita. Tulisimama mbali, nikasema jua kali, turudi. Nikamwambia, "Ile inapinda kushoto." Kaandika.
Inapindapinda. Ukishakata kushoto inakurudisha kulia ghafla, mkonge umeziba, na mtaro uko pale pale.
Sikusema uongo. Nimesema nusu ya neno.

Jumapili, 10 Julai
Leo meneja kaijaribu njia. Kabla hawajaondoka nilikwenda nimwambie Hoza. Nikamkuta anapigwa picha, mkono juu ya boneti, miwani usoni. Nikageuka, nikaondoka.
Gari limeingia mtaroni kona ya tano. Meneja mzima. Hoza kavunjika mguu, goti limesagika. Tulimbeba juu ya mlango wa ghala mpaka kwenye lori. Alikuwa ananishika mkono mimi.

Jumanne, 12 Julai
Nimempelekea ndizi hospitali. Goti halitakunjika tena. Kamwambia meneja kosa ni lake mwenyewe. Mimi kaniambia, "Ulinieleza, kaka. Mimi ndiye sikusikiliza."
Nikamenya ndizi. Nikampa.

Ijumaa, 15 Julai
Mashindano kesho. Kiti nimepewa mimi. Kwamba sijui Kiingereza, sasa si neno.
Meneja kaagiza kibao kona ya tano. Nimekiandika mwenyewe, rangi nyeupe: KONA YA HOZA. Kasema kona nyingine nizitaje kwa namba, hiyo niitaje kwa jina, tena kwa sauti, maana injini ina kelele.
Mizunguko ni kumi.